Herufi Nyuma ya Darasa la Kwanza

Nilipofika shuleni hapo kwa bodaboda kutoka Nduguti, sanduku likiwa mapajani na vumbi limenijaa hadi kwenye kope, mwalimu mkuu alinitazama kidogo tu, akasema, "Wewe una sauti. Utachukua darasa la kwanza." Chuoni nilikuwa nimejiandaa kufundisha hisabati madarasa ya juu. Sikuwahi kumfundisha mtoto ambaye hajui hata kushika penseli. Lakini yeye alikuwa mtu mzima, mwenye mvi hadi kwenye masharubu, na mimi nilikuwa mgeni niliyetoka Singida Mjini asubuhi ile ile. Nikasema sawa.

Darasa la kwanza lilikuwa chumba cha mwisho kabisa. Ukuta wake wa nyuma ulitazamana na mawe, yale mawe makubwa ya kwetu yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, na kati ya ukuta na mawe palikuwa na uchochoro wa majani marefu. Madirisha yalikuwa na nondo bila vioo. Upepo uliingia huku ukatokea kule, ukaondoka na chochote ambacho hakijawekewa uzito juu yake.

Nilichora irabu kwenye mifuko ya salfeti niliyoipasua, nikaitundika ukutani. Watoto walileta vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia. Wengi walikuja wakijua Kinyiramba tu, kwa hiyo tulianza kwa kuimba. Mimi nikitaja sauti, wao wanaitikia, mawe nayo yanarudisha. Nilipenda sana mwitikio ule. Usiku kitandani ulikuwa bado unanilia masikioni.

Kilichoanza kunisumbua ni jinsi walivyokaa. Walijibana mbele, wanne wanne kwenye dawati la wawili, wakaacha madawati ya nyuma matupu. Niliwapanga upya. Wakitoka kunywa uji na kurudi, wamejibana mbele tena.

"Kwa nini hamtaki kukaa nyuma?"

Walitazama sakafu. Mmoja akasema, "Kuna joto, mwalimu." Lakini nyuma ndiko kulikokuwa na kivuli.

Mtoto mmoja tu ndiye aliyekaa kule, msichana mdogo aliyenyolewa kipara, mwenye sweta ya shule iliyomzidi mikono. Alikaa peke yake chini ya dirisha la nyuma, na hakuonekana kujali. Tena alikuwa na tabia ya ajabu. Tukisoma kwa pamoja, wenzake walitazama ubao, yeye aligeuza uso dirishani na kusoma kwa nguvu, akitamka polepole, kama anayemsomea mtu asiyesikia vizuri. Nilimrekebisha mara nyingi. Aligeuka, akanitazama kwa adabu, na baada ya muda akawa amegeukia dirishani tena.

Halafu kulikuwa na ule ukimya. Jua likikaribia utosini, darasa likiwa limechangamka, ghafla sauti zilikuwa zinashuka, zote kwa pamoja, kama redio inayopoteza stesheni. Watoto waliendelea kufungua midomo lakini sauti haitoki. Macho yao yalikuwa yananitazama mimi, kwa bidii, kama wanaojilazimisha wasitazame mahali pengine. Nikigeuka kuangalia dirisha la nyuma, nilikuwa naona majani na mawe tu. Yule msichana alikuwa anaendelea kusoma peke yake.

Siku moja upepo ulizoa kadi zangu za herufi ukazirushia nje. Watoto walikuwa kwenye uji. Nilizunguka nyuma ya darasa kuziokota, na hapo ndipo nilipoona ukuta.

Ulikuwa umeandikwa kwa mkaa. Herufi "a", mstari baada ya mstari. Zile za kwanza zilikuwa zimelala ubavu, nyingine zimekatika tumbo, nyingine zimegeuka. Kadiri zilivyoendelea zilisimama vizuri. Kando yake kulikuwa na "e", chache, bado zinayumba. Herufi "e" nilikuwa nimeianza asubuhi ile.

Nilinyoosha mkono kuigusa mojawapo, mkaa ukaniachia weusi kidoleni. Ndipo nikagundua kwamba mkono wangu uko juu ya kichwa changu. Hakuna mtoto wa darasa langu ambaye angefika pale, hata akipanda ndoo. Na chini ya dirisha majani yalikuwa yamelala, yamekandamizwa vizuri, kama mahali ambapo mtu husimama kila siku.

Nilimweleza mwalimu mkuu. Aliendelea kupanga vitabu kabatini.

"Hao ni watoto wa la saba," alisema. "Nitawasema."

"Njoo basi uone, mwalimu."

"Nimesema nitawasema."

Hakuja kuona. Kwa hiyo kesho yake nilifanya jaribio langu mwenyewe. Kitabu kilitaka tufundishe "i". Mimi, bila kumwambia mtu, nikaruka, nikafundisha "u". Watoto walipoondoka mchana nikazunguka nyuma. Pale ukutani, mbichi, mkaa ukiwa bado haujapeperushwa na upepo, zilikuwa "u" zimejipanga kama vikombe.

Wiki iliyofuata, somo la kuchora lilipofika, niliwatoa nje. Karatasi zilikuwa haba, na watoto wadogo huchora vizuri zaidi ardhini. Kila mmoja alichukua kijiti, akachagua mahali pake pa kuchora. Nikawaambia, "Choreni nyumbani kwenu na watu wote mnaowaona hapo." Kisha nikapita nikiangalia. Nyumba, kuku, mama mwenye ndoo kichwani, ng'ombe wenye miguu mingi mno. Nilicheka, nikasifu.

Halafu nikaona kitu kinajirudia. Kwenye mchoro wa mmoja, nje ya uzio wa zizi, alisimama mtu mrefu. Alikuwa na mikono na miguu, na kichwa kilikuwa duara tupu. Kwenye mchoro wa jirani yake, huyo huyo, amesimama nyuma ya choo. Kwenye wa tatu, kando ya shamba la alizeti. Wale wote waliotoka upande mmoja wa kijiji walikuwa wamemchora, na wote walikuwa wamewapa watu wengine macho na midomo, isipokuwa yeye.

Nilichuchumaa karibu na mmoja wao. "Umesahau macho ya huyu."

"Sijasahau, mwalimu. Hana."

"Ni nani?"

"Ni yule aliyekufa." Aliniambia hivyo kama anayeniambia kuwa mbuzi amezaa. "Anakuja mchana wakubwa wakienda shamba. Anasimama tu. Halafu anaondoka."

Niliinuka. Yule msichana wa dirishani alikuwa bado anachora, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Nyumba yake ilikuwa kubwa, imechukua nafasi ya watoto watatu. Ndani yake kulikuwa na watu watatu, mwanamke, mtoto, na mtu mrefu. Huyu wa kwake alikuwa na kila kitu: macho yenye kope, pua, mdomo wenye meno yote.

"Na huyu?"

"Baba."

Mtoto aliyekuwa jirani alicheka kwa pua. "Baba yake alishakufa, mwalimu. Tulikula wali msibani."

Msichana hakuinua kichwa. Aliongeza sikio moja, kisha lingine. "Alirudi," akasema.

Sasa mwalimu mkuu hakuweza kuniambia habari za darasa la saba. Nilikaa mbele ya meza yake hadi akafunga mlango na kunieleza.

Baba wa mtoto yule alikuwa amekwenda machimboni, mbali, pamoja na rafiki yake wa kijiji cha pili. Walifanana kimo na umbo, watu waliwatania kuwa pacha, na kabla ya safari rafiki huyo alikuwa amelala nyumbani kwa mwenzake mara nyingi. Wakiwa ndani ya duara, lile shimo la kuchimbia, baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Simu ikaja kwamba baba wa mtoto amekufa na kuzikwa huko huko, kwani mwili haukuwa wa kusafirishwa, na rafiki yake yuko hospitali. Hapa wakaweka msiba. Bibi wa mtoto, mama mzazi wa marehemu, alilia hadi sauti ikakauka, akanyoa nywele, matanga yakaanuliwa.

Miezi ikapita. Siku moja gari la mizigo likasimama barabarani, akashuka mtu aliyefungwa kitambaa cheupe kichwa kizima. Hakwenda kijiji cha pili. Alikuja moja kwa moja kwenye nyumba iliyokuwa na msiba. Alikuwa hana uso, alisema mwalimu mkuu akijishika mashavu yake mwenyewe, na koo lake lilikuwa limeungua, linatoa upepo tu. Wakamuuliza wewe ni fulani? Akatikisa kichwa kukubali. Mke akampokea. Bibi akakataa. Alisema mwanangu nimeshamlia, huyu ni yule rafiki, amepoteza akili au anataka nyumba ya mwenzake.

"Na watu wanasemaje?" niliuliza.

"Watu hawasemi. Akipita, wananyamaza. Wapo wanaoamini kwamba si huyu wala si yule."

Nilimwona kwa macho yangu siku chache baadaye. Watoto walikuwa kwenye uji, mimi naandika "ma" ubaoni kwa ajili ya kipindi kinachofuata. Nilisikia pumzi nyuma yangu, pumzi yenye mluzi mwembamba ndani yake. Nikageuka. Nyuma ya nondo kulikuwa na kitambaa cheupe, na kwenye kitambaa matundu mawili. Upepo ulikibana kile kitambaa kwenye kichwa chake, na pale ambapo pangekuwa na pua hapakuwa na kitu kilichochomoza.

Chaki ilinivunjikia mkononi. Yeye naye alirudi nyuma, kama mimi ndiye ninayetisha. Kisha akainua mkono wake wa kulia, mkono mzima usio na kovu, wenye kipande cha mkaa, akaonyesha ubao. Akasubiri. Akaonyesha tena.

Nilichukua muda kuelewa kwamba anauliza inasomwaje.

"Ma," nilisema.

Kutoka ndani ya kitambaa ukaja mvumo, kama nyuki ndani ya mzinga. Akainama, nikasikia mkaa ukikwaruza ukuta wa nje.

Kuanzia hapo nilifundisha nikilitazama dirisha la nyuma. Sitasema kwamba woga uliniisha. Kila aliposimama pale mgongo wangu ulijua kabla ya macho. Lakini yule msichana alikuwa anasoma kwa nguvu kwa ajili yake, na nikaona aibu kuwa na woga kuliko mtoto.

Wazazi wakasikia. Wengine waliwazuia watoto nyumbani, wakasema mwalimu mgeni anafundisha maiti. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja shuleni, akakagua ukuta wa nyuma kwa muda mrefu, mikono mgongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mwalimu," aliniuliza, "huyu anayeandika hapa, ni mtu aliyewahi kusoma?"

"Hapana. Anaanza."

"Una hakika? Kwa sababu mwenye nyumba ile hakukanyaga shule, alichunga tu tangu utoto. Yule rafiki yake alimaliza la saba."

Ndipo nilipoona anakotaka kunipeleka.

Walikutana darasani kwangu baada ya watoto kuondoka. Mwenyekiti na mwalimu mkuu walikaa mbele. Bibi aliletwa, akakaa kwenye dawati la wanafunzi akiwa ameugeuzia mlango mgongo. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kunitazama. Mke alisimama na mtoto wake ukutani. Kulikuwa na mwanamke mwingine pia, mgeni, mwenye miguu iliyojaa vumbi la njia ndefu. Alikuwa mke wa yule rafiki wa kijiji cha pili. Yeye aliambiwa tangu mwanzo kwamba mume wake amepona, yuko hospitali, na tangu siku ile hakuona mtu.

Mwanaume aliingia. Hakuna aliyepumua kwa sauti isipokuwa yeye. Nilimpa chaki.

"Andika 'a'," nilisema. Akaandika. "Andika 'u'. Andika 'ma'. Andika 'mama'." Aliandika yote kwa mwendo wa watoto wangu, akianzia mahali pale pale nilipowafundisha kuanzia, akisimama kidogo kabla ya kufunga tumbo la "a".

"Sasa andika 'gari'." Herufi "g" na "r" tulikuwa hatujazifikia.

Alitazama ubao. Aliandika "a", akaacha nafasi, akaandika "i". Akasimama. Kitambaa kilikuwa kinaingia na kutoka kwa pumzi. Mwenyekiti akasema taratibu, "Mtu anaweza kujifanya."

Ilikuwa kweli. Tukabaki tunamtazama. Yeye naye, alipohisi kwamba tunamsubiri, akafanya jambo dogo. Aliuficha mkono wenye chaki mgongoni, akageuza vidole vya mguu mmoja ndani, akaviweka juu ya vidole vya mguu mwingine.

Bibi alikuwa amegeuka. Nilisikia dawati likilia. Alisimama, akamwendea, akazunguka nyuma yake, akaukamata ule mkono uliofichwa, akautazama, kisha akaitazama miguu. Alisema maneno kwa Kinyiramba, na mke wa yule mtu akaanza kulia. Mwalimu mkuu alinitafsiria baadaye. Bibi alisema, "Hivi ndivyo alivyokuwa anasimama akipoteza mbuzi."

Alikilaza kichwa chake kwenye mgongo wa mwanawe na hakukiinua tena. Mtoto akaenda kuwashika wote wawili miguu. Mwenyekiti akavua kofia.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo yule mwanamke wa kijiji cha pili akanisogelea. Alikuwa kijana, pengine rika langu.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "wangu alikuwa anajua kuandika. Alikuwa ananiandikia jina langu kwenye mlango kwa chaki, kwa mchezo tu. Mimi sijui kusoma, lakini nalijua linavyokaa. Mwombe aandike jina langu."

Nilimtazama mwenyekiti. Nikamgeukia mwanaume, nikamwambia jina la yule mwanamke. Alikuwa amelisikia kabla sijalisema, nadhani, kwani alikwishageuka kumtazama kwa yale matundu mawili. Alimtazama kwa muda mrefu. Walikuwa wanajuana, alikuwa mke wa rafiki yake. Ule mluzi wa pumzi yake ukawa mkali.

Akaenda ubaoni. Akaandika polepole sana, kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika. Mwanamke alisogea hadi pua yake ikakaribia ubao. Alifuatisha maandishi kwa kidole bila kugusa.

"Nisomee, mwalimu."

Ningeweza kumdanganya. Wazo hilo lilinipita, sikatai.

"Ameandika 'mama'," nilisema.

"Mimi siitwi hivyo."

"Najua. Ndilo neno zima pekee analolijua."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayekubaliana na bei. Mke wa mwenye nyumba alimkaribisha nyumbani, wakamwambia kuna ugali na mlenda, apumzike jua lipungue. Alikataa. Hata maji hakunywa. Alipopita karibu na yule mwanaume alisimama, akaugusa kwa kidole ule mkono wenye chaki, mara moja, akatoka. Tulimwona akikata kwenye shamba la alizeti, kitenge chake kikipotea na kuonekana hadi mwisho wa shamba.

Watu walianza kumsalimia yule baba, kwanza kwa mbali. Mama yake alihamia nyumba ile ile na kumpikia uji mwepesi kwa mikono yake. Kanisa lilichangisha nauli, akapelekwa hospitali ya rufaa, akatengenezewa matundu ya pua na kope moja iliyoweza kufumba. Sauti haikurudi vizuri. Aliporudi hakusimama tena nyuma ya darasa. Alikaa ndani, kwenye dawati la mwisho, magoti yamefika kidevuni, hadi tulipomaliza herufi zote. Binti yake alimpita kwa kusoma.

Mimi nilihamishwa baadaye. Siku ya kuaga, mke wa yule baba alinisindikiza hadi kwenye bodaboda, akanieleza habari ambazo sikuwa nimezisikia. Yule mwanamke wa kijiji cha pili alipanda basi akaenda peke yake machimboni kuulizia kaburi. Huko wachimbaji wa zamani walikuwa wameshaondoka. Waliobaki walimpeleka nyuma ya mashimo, wakamwonyesha vilima viwili vya mawe visivyo na alama, wakamwambia ni kimojawapo. Alilia kwenye cha kwanza hadi alipochoka. Kisha akainuka, akajifunga kitenge upya, akaenda kulia kwenye cha pili.